Pia ya Goti Ikisagika: Operesheni Ipi, kwa Nani?

Leo tunashuka Kariakoo. Simama pembeni kidogo, Mtaa wa Congo au Msimbazi, saa nne asubuhi, kisha uangalie magoti ya watu. Ndiyo, magoti! Kijana anapanda ghorofa ya nne na furushi la mitumba begani. Mama amechuchumaa anapanga nyanya mafungu mafungu. Mzee anashuka kwenye daladala kwa mguu mmoja, ameng'ang'ania mlango, huku konda anampigia kelele afanye haraka.

Hata jina la mtaa huu linatokana na mizigo. Katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) jeshi la Waingereza lilikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na kambi yake ilikuwa hapo. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Vita viliisha zamani, lakini wapagazi bado wapo, na mizigo bado ipo.

Kwa nini tunakuletea habari hizi wewe mwanafunzi wa sekondari? Kwa sababu huenda siku moja mzee wako, bi mkubwa au bibi yako atarudi kutoka hospitali na kusema, "Nimeambiwa goti limesagika, natakiwa operesheni." Ndugu watakaa kikao na kuanza kuchangishana. Halafu karatasi za daktari utapewa wewe, maana wewe ndiye msomi wa nyumba. Kama hujui chochote utabaki kutingisha kichwa tu. Mkikosea, pesa zitakwenda na maumivu yatabaki. Na mfupa ukishakatwa, haurudi ulivyokuwa.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. "Operesheni ya goti" si moja. Zipo nyingi, na iliyomponya jirani yenu inaweza isimfae kabisa mama yako. Hapa tunazungumzia sehemu moja tu ya goti: nyuma ya ile pia ya mbele.

GOTI LILIVYOUNDWA

Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, legeza paja. Shika kile kimfupa cha mviringo mbele ya goti. Kinachezacheza, sivyo? Hiyo ndiyo pia ya goti, wengine huiita kilegesambwa. Haikuwekwa hapo kama pambo.

Kumbuka somo la fizikia, mada ya kapi na wenzo. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unavuta kano, kano inashika pia, na chini ya pia kano nyingine inashuka mpaka kwenye kinundu kilicho mbele ya mfupa wa muundi. Pia inafanya kazi kama kapi: inausogeza mvuto mbele kidogo, ili msuli unyooshe goti kwa nguvu ndogo. Goti linapokunjwa na kunyooshwa, pia inateleza juu na chini ndani ya mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja.

Ili mifupa hii miwili isisagane, kila mmoja umefunikwa na gegedu. Gegedu ni laini, jeupe na linateleza. Ukitaka kuliona, angalia mwisho wa mfupa wa kuku kabla mboga haijaiva. Gegedu la nyuma ya pia ni kati ya magegedu manene kuliko yote mwilini, na kuna sababu. Unapotembea sehemu tambarare, pia inakandamizwa kwa uzito kama nusu ya mwili wako. Ukipanda ngazi, mkandamizo unazidi mara tatu ya uzito wa mwili. Ukichuchumaa chini kabisa, unafika kama mara saba.

Piga hesabu. Mtu wa kilo 70 akipanda ngazi, pia inakandamizwa kwa zaidi ya kilo 210. Mtwishe gunia la kilo 50. Sasa ni zaidi ya kilo 360, kila ngazi, kila safari. Ile lumbesa inayomfurahisha tajiri inalipwa na goti la mpagazi.

KWA NINI LINASAGIKA?

Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichanika halijitibu kama ngozi. Linapungua, linakuwa na mikwaruzo, mwisho mfupa unagusa mfupa. Madaktari huita hali hii osteoathritisi. Mtaani tunasema "goti limesagika" au "ute umeisha". Ute si petroli, hauishi. Kinachoisha ni gegedu.

Mambo yanayoleta hali hii nyuma ya pia ni haya:

- Mfereji usio na kina tangu kuzaliwa, au pia inayovutwa upande wa nje. Gegedu linaliwa upande mmoja, kama tairi la gari lisilo na alaimenti.
- Pia iliyowahi kutenguka, hasa zaidi ya mara moja.
- Pia iliyovunjika. Ajali za bodaboda zinachangia sana hapa: goti ndilo linalotangulia kupiga lami.
- Uzito mkubwa wa mwili na msuli dhaifu wa paja.
- Umri. Wanawake hupata tatizo hili zaidi kuliko wanaume.

Kwa watu wengi wenye magoti yaliyosagika, pia imeharibika pamoja na sehemu nyingine za goti. Lakini wapo ambao goti lao lote ni zima isipokuwa nyuma ya pia tu. Utafiti mmoja wa Uingereza uliwakuta karibu mtu 1 kati ya 10 miongoni mwa wagonjwa wa goti wenye umri wa zaidi ya miaka 40. Kwa hao ndiyo swali la "operesheni ipi?" linakuwa gumu.

UTAJUAJE?

Maumivu yako mbele ya goti. Kutembea sehemu tambarare ni nafuu, lakini ngazi ni balaa, hasa kushuka. Kuinuka kwenye kiti kunauma. Choo cha kuchuchumaa ni mateso, na kwenye sala kusujudu au kupiga magoti kunakuwa shida. Goti linalia kwa mikwaruzo, kama mtu anayetafuna mchanga.

Hapa kuna jambo la kushika. Picha ya kawaida ya eksirei, ile inayopigwa kwa mbele, inaweza kuonyesha goti zuri kabisa hata kama nyuma ya pia kumekwisha. Pia inafunikana na mfupa wa paja, kwa hiyo huoni kitu. Inatakiwa picha ya pembeni, na nyingine inayopigwa goti likiwa limekunjwa, mashine ikielekezwa kwenye pia kutoka juu au chini. Hapo ndipo nafasi kati ya pia na mfereji inaonekana. Kama bi mkubwa ameambiwa "picha haina tatizo" lakini ngazi bado zinamtesa, ulizeni kwa heshima kama picha hiyo imepigwa.

KABLA YA KISU

Usiruke hatua. Watu wengi wenye tatizo hili hawahitaji operesheni kabisa. Kinachosaidia kwanza ni mazoezi ya kuimarisha msuli wa paja na misuli ya nyonga, chini ya mtaalamu wa mazoezi tiba, kwa miezi mitatu hivi bila kukatisha. Si siku tatu! Kupunguza uzito kunasaidia pia: kilo 5 zikipungua mwilini, kwenye ngazi pia inapumua kilo 15 na zaidi.

Dawa za maumivu kama diklofenaki zinatuliza, lakini ukizibugia kila siku bila daktari zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Na vile vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kwenye kikaratasi? Achana navyo. Hujui unameza nini.

Operesheni inafikiriwa pale hayo yote yamejaribiwa kweli, na maumivu bado yanamnyima mtu usingizi, kazi au hatua zake za kila siku.

OPERESHENI ZENYEWE

1. Kusafisha goti kwa kamera

Daktari anatoboa matundu madogo, anaingiza kamera nyembamba, anaosha goti na kulainisha gegedu lililochanika. Kidonda ni kidogo na mgonjwa anarudi nyumbani mapema. Inasikika bomba, sivyo?

Sasa sikiliza. Huko Houston, Marekani, madaktari waliwagawa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika katika makundi matatu. Kundi moja waliosafishwa na kulainishwa gegedu, la pili waliooshwa tu, la tatu walichanwa ngozi kidogo na kushonwa bila kufanyiwa kitu ndani. Wagonjwa hawakujua wako kundi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: kwa muda wa miaka miwili, waliofanyiwa operesheni ya kweli hawakupata nafuu kuliko waliochanwa ngozi tu!

Hii haina maana kwamba kamera ni utapeli. Kama kuna kipande kilichomeguka kinachokwamisha goti, kamera ni nzuri kukitoa. Ila kama kazi ni "kusafisha usagikaji" tu, familia ifikirie mara mbili kabla ya kuuza kiwanja.

2. Kukata ukingo wa nje wa pia

Mara nyingi usagikaji unaanzia upande wa nje wa pia, na mfupa unaota kama mdomo unaosugua. Daktari anakata ukingo huo, kama sentimeta moja hivi, na kulegeza tishu zilizoivuta pia kwa nje. Ni operesheni ndogo, mgonjwa anatembea mapema, na haichomi daraja la operesheni nyingine baadaye. Wengi hupata nafuu ya miaka kadhaa. Lakini haileti gegedu jipya, na baadhi yao hatimaye huhitaji goti la bandia.

3. Kuhamisha kinundu cha muundi

Ile kano ya chini ya pia imeshikwa na kinundu mbele ya muundi. Daktari anakikata kinundu pamoja na kano yake, anakisogeza ndani na mbele, halafu anakifunga kwa skrubu. Pia inarudi kwenye njia yake, na mkandamizo unahamia kwenye gegedu ambalo bado ni zima. Njia hii iliandikwa na John Fulkerson wa Marekani mwaka 1983.

Inawafaa watu ambao bado ni vijana, pia yao inavutwa nje, na usagikaji uko upande wa nje au wa chini wa pia. Kama pia yote imekwisha, kuhamisha hakusaidii, maana hakuna sehemu nzima ya kuhamishia mzigo. Mfupa uliokatwa unatakiwa uunge, kwa hiyo kuna kutembelea magongo kwa wiki sita hivi. Mvutaji sigara asipoacha, mfupa unachelewa kuunga. Na mtoto ambaye mifupa yake bado inarefuka hafanyiwi, kwa sababu kinundu hicho ni sehemu ya ukuaji.

4. Kuondoa pia kabisa

Zamani hii ilikuwa kawaida. Mwaka 1937 daktari mmoja wa Uingereza, Brooke, aliandika kwamba goti linafanya kazi vizuri hata bila pia. Baadaye ikaonekana sivyo. Ukitoa kapi, msuli lazima uvute kwa nguvu zaidi. Nguvu ya kunyoosha goti hupungua kwa robo au hata zaidi, na kupanda ngazi kunakuwa kazi. Siku hizi ni nadra sana, hufanywa pale njia nyingine zote zimeshindikana. Kama mtu ameanza na ushauri huu, tafuteni daktari wa pili.

5. Nusu goti la bandia

Hapa wanabadilisha sehemu ya mbele tu. Mfereji wa mfupa wa paja unavikwa chuma, na nyuma ya pia panawekwa kitu cha plastiki ngumu. Mwaka 1955 McKeever wa Marekani aliandika kuhusu kuivika pia chuma, na katika miaka ya 1970 ndipo pande zote mbili zilipoanza kubadilishwa.

Faida yake: sehemu nyingine za goti zinabaki za asili, goti linakunjika vizuri, na mgonjwa anainuka mapema. Katika utafiti wa Denmark wa wagonjwa 100 uliochapishwa mwaka 2018, waliowekewa nusu goti waliendelea vizuri zaidi kuliko wa goti zima katika miaka miwili ya kwanza. Utafiti mwingine mdogo wa Uingereza, wa watu 64, uliochapishwa mwaka 2020, haukuona tofauti.

Hasara yake: sehemu zilizobaki zinaweza kusagika nazo baadaye. Kumbukumbu za magoti ya bandia huko Uingereza zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10, karibu watu 2 kati ya 10 wa nusu goti wamerudi kufanyiwa operesheni nyingine. Kwa goti zima, ni chini ya mtu 1 kati ya 20.

6. Goti zima la bandia

Hapa mwisho wa mfupa wa paja na kichwa cha muundi vyote vinavikwa chuma, katikati panawekwa plastiki, na mara nyingi nyuma ya pia pia panabadilishwa. Hii ndiyo inayojulikana zaidi na inayodumu zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu magoti 8 kati ya 10 ya namna hii hudumu miaka 25.

Lakini usidhani ni goti jipya la ujana. Mtu 1 kati ya 5 hivi husema hakuridhika. Wengi hawawezi tena kuchuchumaa mpaka chini, na kupiga magoti kunawawia vigumu. Hili kwetu si dogo! Nyumba yenye choo cha shimo itatakiwa kuweka kiti cha choo. Atakayesali itabidi asalie kwenye kiti. Bora kujua kabla kuliko kulia baada.

Operesheni yoyote ina hatari zake: damu kuganda mguuni, vijidudu kuingia. Kwa goti la bandia, vijidudu huwapata kama mtu 1 kati ya 100, au zaidi kidogo. Ni wachache, lakini ikitokea ni noma: huenda chuma kikatakiwa kutolewa.

WATU WATATU, MAGOTI MATATU

Tuseme wagonjwa watatu wa Kariakoo wamekaa benchi moja, wote wanalalamika "mbele ya goti".

Wa kwanza ni mpagazi wa miaka 32. Pia yake iliwahi kutenguka mara mbili. Picha zinaonyesha usagikaji upande wa nje tu. Kumwekea goti la bandia ni mapema mno: ana miaka mingi mbele, na mizigo italimaliza. Kuhamisha kinundu ndiyo njia ya kufikiria. Ila ni lazima aambiwe ukweli: akirudi kwenye lumbesa siku mfupa umeunga, atarudi benchi. Familia ijadili na kazi, si goti peke yake.

Wa pili ni mama muuza vitenge, miaka 52. Mazoezi amefanya miezi sita, uzito ameupunguza, bado ngazi za ghorofani zinamliza. Mfereji na pia vyote vimekwisha, lakini goti lote lililobaki ni zima kabisa. Kuhamisha kinundu hakutamfaa. Nusu goti la bandia ni swali la kumuuliza daktari, akijua kwamba huenda akahitaji goti zima siku za mbele. Kama uharibifu ungekuwa ukingoni tu, kukata ukingo kungekuwa njia nafuu ya kuanzia.

Wa tatu ni bibi wa miaka 68. Pia imesagika, na pande za ndani na nje za goti pia. Kumbadilishia sehemu ya mbele peke yake ni kama kupaka rangi mlango wa nyumba inayovuja. Kwake, kama moyo, sukari na shinikizo la damu viko sawa, goti zima ndilo lenye maana.

Umeona? Malalamiko ni yale yale, majibu ni matatu. Kinachoamua ni wapi pamesagika, mwelekeo wa pia, umri, na maisha ambayo mtu anarudi kuyaishi. Ukubwa wa operesheni hauamui kitu, wala bei yake.

PA KWENDA

Kwa mkaazi wa Kariakoo safari inaanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha Mnazi Mmoja au Amana, na kwa rufaa mpaka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Magoti ya bandia huwekwa hapo. Msasani ipo CCBRT, na walioko mikoani wana KCMC pale Moshi na Bugando pale Mwanza. Shika karatasi ya rufaa na picha zote za zamani. Uliza mapema bima inalipia nini na nini mtalipa mfukoni, pamoja na mazoezi ya baadaye. Operesheni bila mazoezi ni nusu kazi.

MASWALI YA KWENDA NAYO

Yaandike kwenye daftari, mpe mzazi au msindikize:

- Pamesagika wapi hasa? Nyuma ya pia tu, au goti lote?
- Je, picha ya goti likiwa limekunjwa imepigwa?
- Tukisubiri na kufanya mazoezi miezi mingine mitatu, kuna hasara gani?
- Operesheni hii inafanyika hapa mara ngapi kwa mwaka?
- Baada yake ataweza kuchuchumaa, kupiga magoti, kubeba mzigo?
- Atakaa muda gani bila kufanya kazi?
- Ikishindikana, hatua inayofuata ni ipi?

Daktari mzuri hachukii maswali. Salimia kwanza, uliza kwa adabu, andika majibu.

NA WEWE JE?

Labda umesoma mpaka hapa ukiwa umeshika goti lako. Relax. Maumivu ya mbele ya goti ni ya kawaida kwa vijana, hasa wachezaji wa mpira, netiboli na warukaji, na karibu kila mara si kusagika. Kinundu cha muundi kinaweza kuvimba na kuuma wakati mwili unarefuka. Punguza mazoezi ya kuruka kwa muda, imarisha paja, na kwa kawaida kitatulia mwili ukikomaa.

Lakini usikae kimya, nenda hospitali haraka, kama:

- Goti limevimba, lina joto, na una homa.
- Maumivu yanakuamsha usiku, au kuna uvimbe unaokua juu au chini ya goti.
- Goti linakwama au pia imetenguka.
- Unachechemea na nyonga inauma. Wakati mwingine ugonjwa wa nyonga hujitokeza kama maumivu ya goti.

Usikubali kukandwa na kuvutwa mguu kabla hujapimwa.

JADILI NA WENZAKO

1. Kwa nini katika utafiti wa Houston kundi moja lilichanwa ngozi tu? Je, ilikuwa haki kwa wagonjwa? Toeni hoja za pande zote mbili.
2. Serikali za mitaa, wenye maduka na wapagazi wenyewe wafanye nini ili lumbesa ipungue Kariakoo?
3. Baba wa rafiki yako ana miaka 45. Anataka goti zima la bandia kwa sababu jirani yake amewekewa na sasa anatembea vizuri. Utamshauri aulize nini kwanza?